Kazi kwa Vijana Wenye Ulemavu (2): Karatasi ya Kinyesi cha Tembo

Juma lililopita tuliipitia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni wenye ulemavu. Ukikokotoa, asilimia 3 ya 20 haifiki hata mtu mmoja. Mtu kamili anapatikana wafanyakazi wakifika 34. Karakana ngapi za Njombe au Songea zina watu 34? Basi leo tuiache sheria kidogo, tuwaangalie waliojitengenezea kazi.

Karakana ya Neema Crafts ilianza mwaka 2003 mjini Iringa, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa la Anglikana. Mwanzilishi wake, Susie Hart, fundi wa kazi za mikono kutoka Uingereza, naye ana ulemavu. Alianza na vijana watatu viziwi, na moja ya bidhaa zao za mwanzo ni karatasi ya kinyesi cha tembo.

Usicheke. Tembo hula mzigo mkubwa wa nyasi na magome kwa siku, lakini tumbo lake halisagi vizuri, hivyo nyuzinyuzi nyingi hutoka kama zilivyoingia. Kinyesi huoshwa, huchemshwa kwa muda mrefu, kisha hupondwa na kuchanganywa na karatasi chakavu mpaka kiwe rojo. Fundi huzamisha wavu wenye fremu ya mbao ndani ya beseni, huunyanyua taratibu bila kuuinamisha, maji yakachuruzika, na utando unaobaki juu huanikwa. Akiharakisha kidogo tu, upande mmoja huwa mnene na mwingine hutoboka. Kazi hii inataka mikono na macho. Masikio hayana nafasi humo.

Baadaye zikaongezeka shanga, ufumaji, ushonaji na mgahawa unaohudumiwa na viziwi. Mgahawani mteja huandika agizo lake kwenye karatasi. Yaani kwa mara hii, anayelazimika kubadili mazoea yake ni yule anayesikia, na kwangu mimi hilo lina uzito kuliko semina nyingi za kuelimisha jamii.

Udhaifu upo sokoni. Biashara za aina hii hutegemea mno watalii, na korona ilipofunga viwanja vya ndege mwaka 2020, kila aliyeuza vitu vya sanaa aliumia. Wakati huohuo ofisi zetu kila Desemba hununua shajara na kadi zilizotoka ng'ambo! Sheria ya Ununuzi wa Umma inataka asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi itengwe kwa makundi maalumu, wakiwemo watu wenye ulemavu. Afisa ununuzi wa halmashauri hahitaji kuwaonea huruma mafundi hawa. Anahitaji kuwaomba bei.

Itaendelea juma lijalo: mikopo ya asilimia 2 ya halmashauri.