Bua ni Taka? Neno 'Kimeng'enya' na Mafuta ya Mimea

Pita Timboroa baada ya mavuno ya ngano uone mabua yalivyotapakaa. Watu wa nishati huyaita 'taka'. Haya, mwulize mwenye ng'ombe! Hata hivyo, ndani ya bua mna selulosi, mnyororo wa glukosi ambao chachu haiwezi kuugeuza ethanoli hadi ukatwe. Mkataji ni kimeng'enya, jina lililotokana na kitenzi meng'enya, yaani vunjavunja. Mate yetu yana kimeng'enya cha wanga. Ndiyo maana kiazi kilichopikwa, ukikitafuna sana, huanza kuwa na utamu. Cha selulosi hatuna. Ng'ombe anacho kwa hisani ya vijidudu vya tumboni mwake. Muhoroni ethanoli imekuwa ikitengenezwa kwa molasi, ambayo sukari yake i tayari. Bua, kwa kukingwa na lignini, sharti kwanza lipashwe moto au litiwe asidi. Hapo ndipo gharama hupanda, na ng'ombe akabaki na chakula chake.