MAFUTA YA KUNUKIA: TUJUE NINI MBELE YA KUNUNUA?



Vichupa vya mafuta ya mkaratusi, ya karafuu na ya limau vinauzwa, na mara nyingi tunasikia kwamba vinaponya kila ugonjwa. Sisi wa gazeti hili tunataka kueleza kidogo, sababu kosa dogo linaweza kuua mutoto.

Hayo mafuta si kama mawese. Mawese yanakamuliwa; mengi ya haya yanatolewa kwa mvuke. Majani yanawekwa ndani ya pipa, mvuke unapita, unabeba harufu, kisha unapozwa na mafuta yanatengana na maji. Kilo 100 za majani ya mkaratusi zinatoa kilo 1 ao 2 hivi tu. Kisiwani Pemba, kule Wawi, kuna kiwanda kinachotoa mafuta ya karafuu kwa makonyo, ni kusema vile vijiti vya karafuu.

Ndiyo maana mafuta ya kweli ni bei. Tunasoma katika Marko sura ya 14 habari ya marhamu ya nardo: watu walihesabu kwamba ingepata zaidi ya dinari 300, na dinari 1 ilikuwa mshahara wa siku nzima. Basi ukiona chupa kubwa kwa bei ya pipi, jiulize.

Mbele ya kununua, tuangalie:
1. Chupa iwe ya kioo cheusi-cheusi, imefungwa vizuri, sababu mwangaza unaharibu mafuta.
2. Jina la mti liandikwe kwa Kilatini, mfano Eucalyptus globulus, pamoja na tarehe ya mwisho.
3. Tone moja juu ya karatasi nyeupe: likikauka na kuacha doa la mafuta, pengine wamechanganya na mafuta ya kupikia. Lakini karatasi haionyeshi kama wametia alkoli.

Katika kutumia:
1. Tusinywe. Kijiko kidogo kimoja cha mafuta ya mkaratusi kinaweza kumtia mutoto degedege. Akimeza, tusimtapishe, tukimbie kituo cha afya pamoja na ile chupa.
2. Tusipake bila kuchanganya. Matone 12 ndani ya mililita 30 za mafuta ya kula yanatosha kwa mutu mzima. Tujaribu kwanza mkononi, tungoje siku moja.
3. Mutoto chini ya miaka 2, tusimpake mkaratusi wala nanaa karibu na pua: pumzi inaweza kuziba. Mama mwenye mimba na mutu wa pumu waulize munganga kwanza.
4. Tuweke mbali na makala na taa, sababu yanawaka upesi.

Je, yanaponya? Karafuu inatuliza jino kweli, lakini tundu la jino linabaki. Malaria haiponi kwa harufu. Inataka kupimwa damu na dawa ya munganga. Mutoto anayekohoa na kupumua mbio-mbio, mbavu zikiingia ndani, asipakwe kitu nyumbani: apelekwe siku ile ile. Kikohozi cha mutu kikipita wiki 2, apimwe kifua kikuu.

Wenzetu, tukifika nyumbani tuwasomee wazazi habari hii, zaidi wale wenye watoto wadogo. Na chupa iwekwe juu, pahali mutoto hafiki.