Kisanduku cha kupunguza umeme na bei ya njia

Bei ya umeme hubeba gharama mbili: ya nishati yenyewe, na ya njia inayoifikisha. Umeme wa Bwawa la Nyerere husafirishwa kwa kilovolti 400 kutoka Rufiji hadi Chalinze, hupozwa kwa hatua, kisha hufika kwenye transfoma za Kariakoo. Kila mteja huilipia njia hiyo, ila si kwa namna moja. Mwenye fremu Mtaa wa Kongo au Aggrey, akiwa kundi la bei la T1, huilipia ndani ya uniti: shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, kwa bei zilizoanza Aprili 2016. Jengo la T2, linalozidi uniti 7,500 kwa mwezi, hulipa shilingi 195 kwa uniti na, kando yake, shilingi 15,004 kwa kila kVA ya kilele cha matumizi.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lisiloisha: je, kile kisanduku cha kuchomeka ukutani hupunguza uniti za LUKU? Hakipunguzi. Kikifunguliwa, ndani mara nyingi hukutwa kapasita ndogo na kijitaa cha kijani, basi. Muuzaji huwasha feni, hubana ampimita kwenye waya, huchomeka kisanduku, na ampia hushuka mbele ya macho ya mnunuzi. Zimeshuka kweli, na ndiyo maana watu wengi hulizwa. Mota huvuta mkondo wa ziada unaokwenda na kurudi bila kufanya kazi. Kapasita huupa mkondo huo mahali pa kuzungukia karibu na mota. Lakini mita ya LUKU ya T1 haihesabu mkondo huo. Huhesabu kazi iliyofanyika, na feni inazunguka vilevile. Anayeuza kisanduku hicho kwa mama ntilie mwenye friji moja anamwibia, hata akiwa na ampimita mkononi.

Kwa T2 hesabu ni nyingine, kwa kuwa kVA huubeba mkondo huo. Jengo lenye kilele cha kilowati 100 na kipeo cha nguvu (uwiano wa kilowati kwa kVA) cha 0.7 hudaiwa kVA 143. Kikipandishwa hadi 0.95, hudaiwa 105. Tofauti hiyo ni zaidi ya shilingi 560,000 kwa mwezi. Lakini kazi hiyo hudai kapasita za takriban kVAr 69, na kapasita ya kisanduku yenye mikrofaradi 5 hutoa kama VAr 83 tu: vingehitajika visanduku zaidi ya 800.

Mwenye jengo la T2 apimiwe mzigo kwenye swichi kuu na fundi mwenye leseni ya EWURA, afunge kabati la kapasita linalojiwasha kwa hatua, na asiache pampu, lifti na viyoyozi vikubwa viwake kwa pamoja. Wa T1 abadilishe mpira wa mlango wa friji uliolegea, aweke taa za LED na kupandisha nyuzi za kiyoyozi. Anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi nyumbani aulizie kundi la D1, ambako uniti ni shilingi 100.