Panya Aliyekufa Huacha Nafasi

Kila msimu panya wanapofurika mashambani, swali linalofikishwa kwa wataalamu wa visumbufu, iwe Morogoro, Lindi au Dodoma, huwa ni lile lile: ni sumu ipi iliyo kali kuliko zote? Swali hilo limekwisha kujibiwa mpaka limechosha, na jibu halijabadilika, kwa kuwa takriban kila sumu ya panya iliyosajiliwa humuua panya aliyekula kiasi cha kutosha, na wauzaji wenye vipaza sauti sokoni hawana siri yoyote ambayo maabara haiijui. Kuua panya ni kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kuishusha idadi yao na kuifanya ibaki chini, na ugumu huo unatokana na jambo ambalo muulizaji huwa halifikirii kabisa, nalo ni ushindani wa kuzaa miongoni mwa panya wenyewe, ambao hukaza na kulegea kufuatana na msongamano, yaani idadi ya panya waliomo katika eneo la ukubwa fulani.

Mfano uliochunguzwa kwa kina kuliko mingine katika Afrika Mashariki ni wa panya shamba, ambaye kitaalamu huitwa Mastomys natalensis, na ambaye kwa miongo kadhaa amefuatiliwa mjini Morogoro na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp nchini Ubelgiji, kwa njia ya kuwanasa, kuwatia alama, kuwaachia na kuwanasa tena. Jike wa panya huyu anaweza kuwa na chuchu hadi 24, hubeba mimba kwa siku zipatazo 23, na uzao wake mmoja huwa na wastani wa watoto 11 hivi. Katika mwaka wa kawaida, msongamano huwa mdogo sana mvua za masika zinapoanza, pengine panya wasiozidi 20 kwa hekta, kisha huongezeka miezi ya kuzaliana inavyosonga, na katika miaka mibaya huvuka 200 kwa hekta masika yakishapita, wakati ambapo mkulima huanza kuwaona mchana kweupe na kukimbilia dukani.

Hapo ndipo imani iliyozoeleka inapopotosha, kwa kuwa huhesabu ushindi kwa idadi ya mizoga. Tuseme hekta moja ina panya 200 na mkulima, kwa chambo chenye sumu, amewaua 160, kazi ambayo kijiji kizima kingeisifu. Waliobaki ni 40, na ikiwa nusu yao ni majike na msimu wa kuzaliana haujaisha, mkupuo mmoja tu wa watoto 11 kwa kila jike unatosha kuleta vichanga 220 kabla mwezi wa pili haujakwisha. Hesabu hii ni ya mfano, lakini haijatiwa chumvi, na bado haijawagusa wale wanaohamia kutoka vichakani na katika mashamba ya jirani, ambao kwa kawaida huziba pengo ndani ya wiki chache. Hata hivyo, kasoro kubwa zaidi ya imani hii haimo katika wingi wa watoto. Imo katika kudhani kwamba wale 160 wangeishi laiti wasingeuawa. Spishi ambayo jike wake huzaa watoto zaidi ya kumi kwa mkupuo mmoja ni spishi ambayo karibu watoto wote hufa kabla ya kuzaa, vinginevyo nchi isingekuwa na pa kukanyaga, na vifo hivyo huwa vingi pale panya wanapokuwa wengi na chakula kikawa haba. Sumu inayotiwa wakati wa kilele huwaua, kwa sehemu kubwa, panya ambao kiangazi kilikuwa tayari kimewahukumu, na hao wachache wanaonusurika huachiwa chakula na wenzi wa kujamiiana ambao jana walikuwa wakigombewa na mamia. Aliyeua amewafanyia waliobaki hisani.

Msongamano huathiri uzazi kwa njia zaidi ya moja, na wanyama wenyewe hawafanani. Katika kisiwa kimoja kidogo cha ziwa kaskazini-mashariki mwa Poland, mtafiti Gabriela Bujalska aligundua kwamba kwa panya wa msituni wenye mikia mifupi wanaoishi huko, idadi ya majike wanaozaa ilibaki karibu ile ile hata jumla ya panya ilipobadilika sana, kwa sababu kila jike anayezaa hushikilia eneo lake, na majike vijana wasiopata eneo hukaa bila kupevuka, yaani miili yao huchelewesha uwezo wa kushika mimba hadi nafasi ipatikane. Akifa mwenye eneo, kijana aliyekuwa akisubiri hupevuka na kuzaa. Katika hifadhi ya Goegap nchini Afrika Kusini, Carsten Schradin na wenzake wameonyesha jambo jingine kwa panya wadogo wenye mistari mgongoni: msongamano ukiwa mkubwa na maeneo yamejaa, majike kadhaa huishi kundi moja pamoja na dume, na ukiwa mdogo kila mmoja hujitenga, kwa sababu maisha ya kundi yana gharama zake, mojawapo ikiwa hatari ya jike kuua vichanga vya mwenzake. Mauaji hayo ya vichanga, ambayo msomaji anaweza kuyaona kuwa wazimu, ni ushindani wa kawaida kabisa, kwa kuwa kichanga kilichokufa ni mdomo uliopungua kando ya watoto wa aliyeua.

Panya shamba wa Morogoro hafuati kanuni ya Poland. Maeneo anamotembea jike mmoja huingiliana na ya wenzake hata msongamano unapopanda, hakuna anayelinda mpaka, na vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba watoto wa mkupuo mmoja huweza kuwa na baba zaidi ya mmoja, huku dume mmoja akizalisha majike kadhaa. Matokeo yake kwa udhibiti ni makubwa na hayajadiliwi inavyostahili: kuwahasi madume pekee ni kupoteza muda, maana dume mmoja aliyesalia na uwezo wake hufanya kazi ya waliohasiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 katika jarida la Nature, ukiongozwa na Herwig Leirs, ulionyesha pia kwamba mvua za miezi mitatu iliyotangulia na msongamano huamua kwa pamoja ni panya wangapi watabaki hai na wangapi watapevuka, tena bila uwiano wa moja kwa moja. Vuli ikinyesha vizuri, baadhi yao huanza kuzaa mapema, na watoto wa mapema huwahi kuzaa katika msimu huo huo. Milipuko mingi huanzia hapo, miezi kadhaa kabla mtu yeyote hajalalamika.

Yanayofaa, basi, ni haya. Hatua zichukuliwe panya wakiwa wachache, kabla ya masika na kabla ya kupanda, wakati kila jike anayenaswa ni jike ambaye angezaa msimu huo. Uchambuzi wa kiuchumi wa data za Morogoro umeonyesha kwamba udhibiti wa miezi michache iliyopangwa kila mwaka hulipa, ilhali ule wa kusubiri uharibifu uonekane haulipi. Wakulima wa eneo moja wafanye kazi kwa pamoja, kwa kuwa shamba moja lililosafishwa katikati ya vichaka ni mwaliko. Vichaka vya mipakani vifyekwe, magugu yapaliliwe, na pawezekanapo ardhi ilimwe kwa trekta badala ya kufyekwa na kuchomwa, kwani uharibifu hupungua. Wote wapande ndani ya kipindi kimoja kifupi. Mitego itegwe kila usiku, si siku ya hasira tu. Sumu kali zinazoua kwa saa chache zina kasoro kwamba panya aliyeonja kidogo akaugua hukikwepa chambo hicho baadaye, na bundi anayekula panya mwenye sumu mwilini anaweza kudhurika naye. Saruji iliyochanganywa na unga na kutegwa kama chambo isitajwe tena. Dawa za kuzuia uzazi, kama mchanganyiko wa kwinestroli na levonojestreli uliojaribiwa kwa panya shamba hapo Morogoro, zinavutia kwa sababu panya tasa huendelea kula na kugombea wenzi bila kuongeza mtoto, ila lazima zifikie majike, na zifike kabla ya mimba ya kwanza. Mbegu za mahindi zilizofukuliwa zirudishiwe mapema ili mashimo yote yachipue pamoja, kwa kuwa kishawishi kikubwa cha panya ni mbegu iliyomo udongoni na mche wa siku chache tu tangu kuota.