Tahadhari Kuhusu Kuchanganya Dawa Zinazoleta Usingizi

Watu wengi hudhani kwamba dawa hudhuru pale tu mtu anapozidisha kipimo. Kwa dawa zinazoleta usingizi, dhana hiyo haitoshi. Mtu anaweza kufuata kipimo cha kila dawa na bado akahatarisha maisha yake, kwa sababu tu amezimeza pamoja.

Tuchukue mfano wa bibi mwenye umri wa miaka 70 anayetumia diazepamu kwa kukosa usingizi. Anaanguka, anaumia kiuno, na katika kituo kingine cha afya anaandikiwa tramadoli ya maumivu. Siku mbili baadaye anashikwa na mafua, na mjukuu wake anamnunulia dukani vidonge vyenye klorofeniramini. Hakuna aliyekosea kipimo. Hata hivyo, usiku huo mwilini mwake zimo dawa tatu zinazofanya kazi ya aina moja.

Amri ya kupumua hutoka katika shina la ubongo, hata tunapokuwa usingizini. Dawa za kundi la opioidi, kama mofini, kodeini na tramadoli, huufanya ubongo uchelewe kutambua kwamba hewa chafu imezidi katika damu. Dawa za jamii ya diazepamu, zikiwamo lorazepamu na klonazepamu, huupooza ubongo na kulegeza misuli, hata ile ya koo. Makundi haya yakikutana, pumzi hupungua, na mwenyewe haamki kujinusuru. Pombe huongeza hatari hiyo hiyo. Ndiyo sababu mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza maelezo ya dawa za makundi haya mawili yabebe onyo lake kali kuliko yote.

Wako wanaojitetea kwamba hawachanganyi, kwa kuwa dawa moja huimeza asubuhi na nyingine usiku. Utetezi huo hauna msingi. Mwili huweza kuchukua siku moja hadi mbili kuondoa nusu tu ya diazepamu, na kwa wazee muda huo hurefuka zaidi. Kidonge cha jana bado kinafanya kazi leo.

Ugumu mwingine ni kwamba nyingi ya dawa hizi hazijulikani kwa jina la dawa za usingizi. Fenobabitali hutolewa kwa kifafa, amitriptilini kwa sonona na maumivu ya mishipa ya fahamu, prometazini kwa kichefuchefu na mzio. Kodeini imo katika baadhi ya dawa za kikohozi. Kwa hiyo tunamsihi mtumiaji abebe pakiti zote anapokwenda kwa daktari au mfamasia, na asitosheke kueleza kwamba anatumia “kile kidonge cheupe”. Swali la kuuliza ni fupi: je, dawa hii inaleta usingizi?

Zipo nyakati ambapo daktari huandika dawa mbili za aina hii kwa makusudi, akipunguza vipimo na kumfuatilia mgonjwa. Aliye katika hali hiyo asiache dawa ghafla kwa kusoma kijitabu hiki. Kukatiza diazepamu au fenobabitali kwaweza kuleta degedege.

Mgonjwa akikoroma kwa kukwamakwama, akipumua polepole mno, midomo au kucha zikibadilika rangi, au asipoamka anapotikiswa, msimwache “alale mpaka dawa iishe nguvu”. Mlazeni ubavu, msimnyweshe maziwa wala kumtapisha, na mfikisheni hospitali bila kuchelewa pamoja na pakiti za dawa zote alizotumia. Ipo dawa iitwayo naloksoni ambayo huondoa nguvu ya opioidi, lakini haiondoi ya diazepamu. Daktari atahitaji kujua mgonjwa alimeza nini.