Jiko la Kale Lapimwa Kwanza

Ndugu na jamaa, wengi mmeniuliza kwa nini hapa Marekani nahangaikia majiko ya umeme ya miaka ya 1950, ilhali mapya yamejaa madukani. Jibu langu ni lile shimo. Baadhi ya majiko ya General Electric ya wakati huo yana koili moja iliyozamishwa chini, na sufuria ndefu hutumbukia humo mpaka shingoni. Maharage huiva humo taratibu, nawe ukaendelea na shughuli zako.

Anayetaka kununua na aende na futi. Mengi yana upana wa inchi 40, na jikoni mwa nyumba za sasa aghalabu hutengwa inchi 30 tu. Shemeji yangu alipenda rangi; jiko liko gereji mpaka leo! Kisha muuzaji awashe kila koili mbele yako, kwa volti 240, maana swichi za vibonye hupatikana kwa kung'oa jiko jingine bovu. Waya za ndani huenda zimevikwa asbesto: usizikwangue, mwite fundi.

Bei nafuu iko kwa warithi wanaouza vyombo vya marehemu. Hao wana haraka, basi fika na gari na vijana wanne.