Risiti zilizofutika ndani ya sanduku la marehemu

Mafia. Sanduku la bati lilikaa chini ya kitanda miaka mingi katika nyumba moja ya Miburani, kisiwani Mafia. Ndani yake mlikuwa na hesabu za biashara ya nazi za marehemu baba mwenye nyumba: madaftari ya wadeni, karatasi za mauziano, stakabadhi za mizigo iliyopakiwa Kilindoni kwenda Dar es Salaam na bunda la risiti za mashine. Juu yake zilipangwa kanga za mama na nguo za kichanga, kwa kuwa binti yao alikuwa mjamzito.

Lilifunguliwa siku familia ilipokaa kuhesabu mirathi. Mnunuzi mmoja alisema deni lake alishalimaliza, mjane akakumbuka vingine. Daftari lilisomeka kwa shida, kurasa zimeshikana kwa unyevu. Risiti za mashine zilikuwa vipande vyeupe, havina herufi hata moja.

Hakuna aliyezifuta. Karatasi ya risiti za EFD, mashine zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, haichapwi kwa wino. Imepakwa kemikali inayobadilika rangi ikipata joto, ndiyo maana maandishi hupauka yenyewe yakikaa kwenye joto, mwanga, mafuta au ndani ya mfuko wa plastiki laini. Wapo wanaoipeleka ikapigwe lamineti ili idumu, na joto la mashine hiyo huigeuza nyeusi yote. Dawa yake ni kutoa fotokopi ya kawaida mapema, wiki hiyohiyo ya manunuzi, na kuibana pamoja na risiti yenyewe.

Karatasi hizo zina jambo jingine linalohusu jikoni. Nyingi hutengenezwa kwa kemikali ya bisfeno A, ambayo hupenya kwenye ngozi, hasa mikono ikiwa na mafuta au kitakasa mikono, na inaweza kuvuruga homoni. Umoja wa Ulaya uliibana kwenye karatasi za aina hiyo kuanzia Januari 2020. Kwa hiyo risiti za zamani hazifai kufungia karanga wala kuwekea vitumbua vya moto, na mtoto asipewe achezee.

Swali linaloulizwa na wengi ni karatasi za biashara iliyokwisha zikae muda gani. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi kutunza kumbukumbu zake kwa miaka isiyopungua 5, na wengi wakifika hapo huchoma kila kitu. Ni haraka mno. Sheria ya Ukomo inatoa miaka 6 kufungua madai yatokanayo na mkataba, na miaka 12 kwa madai ya ardhi. Anayechoma mwaka wa tano anaweza kuwa anachoma ushahidi wa deni ambalo bado angeweza kulidai mahakamani. Karatasi za shamba la minazi, nyumba na mgawanyo wa mirathi hazichomwi kabisa.

Kuhifadhi kisiwani nako kuna taabu yake. Hewa ina chumvi na unyevu, mchwa hawachagui, na paa likivuja kila kitu huloa. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia Mei 2024, hakikuuliza sanduku la nani lina hati. Karatasi zikauke kwanza kivulini penye upepo, pini za chuma na mipira itolewe kwa kuwa moja hupata kutu na mwingine huyeyuka na kunata, kisha ziwekwe kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, juu ya mbao, mbali na ukuta. Mwaka na aina ya karatasi viandikwe kwa penseli, kwa sababu haioshwi na maji kama wino. Zilizoota ukungu zifunguliwe nje ya nyumba, mdomo na pua vimefunikwa. Mwenye pumu asiziguse.

Kosa kubwa zaidi katika nyumba ile halikuwa la karatasi. Ili kufukuza mende, sanduku lilijazwa vidonge vyeupe vya naftalini, vilevile vinavyouzwa madukani kwa ajili ya kabati. Harufu yake iliingia kwenye nguo za kichanga. Muuguzi wa kliniki alimweleza binti huyo asimvalishe mtoto nguo hizo, na ana sababu: naftalini inaweza kupasua chembe nyekundu za damu kwa mtu mwenye upungufu wa G6PD, hali ya kurithi inayopatikana zaidi katika maeneo yenye malaria, pwani yetu ikiwemo. Kichanga anaweza kupata manjano makali, yanayoweza kudhuru ubongo. Mtoto mkubwa huvidhania pipi. Macho yakigeuka manjano au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, ni kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Vijana husema simu imemaliza tabu zote. Imemaliza baadhi. Picha ya daftari iliyo kwenye simu moja tu huzama nayo baharini, flashi nayo haikutengenezwa kutunza kumbukumbu kwa miongo, na laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, namba akapewa mwingine. Nakala iwe angalau sehemu mbili, moja nje ya nyumba, na mtu wa pili ajue ilipo. Katika familia nyingi anayejua ni baba peke yake.

Familia ile ilipeleka daftari steshenari Kilindoni, likaskaniwa, nakala ikatumwa kwa kaka mkubwa aliye Dar es Salaam. Nguo za mtoto zilinunuliwa nyingine. Wazee wa mtaa walipomwonyesha yule mnunuzi ukurasa wenye sahihi yake, alikubali kulipa kwa awamu mbili. Ya kwanza imeshalipwa. Mjane aliiandikia stakabadhi kwa mkono, akampa moja, nakala akaiweka kwenye ndoo.